Kikapu Kimoja cha Machicha

Mtu akikwambia kufuga samaki ni kuchimba shimo na kutia maji, usibishane naye. Mpe jembe, mwoneshe bonde, kisha urudi baada ya mwaka umuulize amevua nini. Bertilla alikuwa na miaka saba kwenye bwawa lake, kule bondeni chini ya Kalumbwe, na bado kila asubuhi alifika pale akiwa na hasira mpya, kwa maana kila asubuhi ilikuja na balaa lake.

Bwawa lenyewe alilichimba marehemu mumewe, Beda, akisaidiwa na mdogo wake, Alfonsi. Lilikuwa hatua ishirini kwa kumi na mbili. Upande wa juu maji yalifika gotini, upande wa chini yalifika kifuani. Mbegu ya samaki, perege, Beda aliipata kwa watu wa misheni, ndani ya madebe mawili ya mafuta ya taa yaliyosuguliwa kwa majivu mpaka harufu ikaisha. Akayabeba kwa mzega siku nzima, anasimama kila penye kijito kubadilisha maji. Waliofika hai walikuwa arobaini. Mwaka wa pili Beda akafa kwa ugonjwa wa kifua, mabinti zake watatu walikwisha kuolewa mbali, na Bertilla akabakiwa na shamba la ulezi na samaki.

Sasa usisahau kwamba huku Ufipa ni nchi ya baridi. Mwezi wa sita na wa saba ukitoka nje alfajiri bila shuka unajuta. Na samaki naye anajuta vilevile. Anakaa chini kabisa, hali, hachezi, hakui. Perege ambaye kule Kipili kwenye joto la ziwa angejaa kiganja kwa miezi sita, huku juu anadai mwaka na nusu, na wengine wanakata tamaa wanabaki vidole. Kuzaa hawazai mpaka maji yapate joto, yaani mwezi wa kumi unapoelekea ukingoni. Kwa hiyo Bertilla kila mwaka alikuwa akichagua. Waliovumilia kipupwe wakaendelea kukua, hao aliwaacha. Wenye kudumaa aliwatoa akawala au akawagawa. Kwa miaka saba ya kuchagua hivyo alikuwa amepata wazazi sitini hivi, wapana, wagumu, ambao baridi ya Ufipa haikuwatisha. Hao ndio waliokuwa mali yake. Hakuna mahali pengine popote duniani ambapo angeweza kupata wengine kama wao, na hilo alilijua yeye peke yake.

Watu walimcheka, na tuseme ukweli, walikuwa na sababu. Dagaa wa Kipili na migebuka mikavu vilikuwa vikija hadi mlangoni kwenye magunia, vimekwisha kukaushwa na jua la Mungu, vinangoja chumvi na nyanya tu. Wewe unahangaika kulisha samaki kama nguruwe kwa ajili gani? Walimuuliza kama samaki wake wataliwa na wao au na wajukuu. Bertilla hakuwa mtu wa kujibu kwa upole. Alisema wajukuu wenyewe bado hawajaoga matope, wakioga watajua kazi ya samaki.

Halafu ikaja Operesheni Vijiji. Mwaka sabini na nne watu wote wa bondeni wakahamishwa wakajengwa kando ya barabara, nyumba zimepangwa mistari, na bwawa likabaki nyuma, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Bonde lilipohamwa na watu likahamiwa na wengine. Fisi maji walikuja. Mdiria, ndege mla samaki, akapata mti wake. Kaa wakatoboa ukingo, asubuhi moja Bertilla akakuta maji yameshuka shubiri mbili, akakesha mchana kutwa, kama mtu anaweza kukesha mchana, akishindilia udongo wa kichuguu kwa visigino. Kila siku saa nzima kwenda, saa nzima kurudi, na bado shamba la ushirika lilikuwa linamdai siku zake tatu kwa wiki kama mtu mwingine yeyote.

Mbolea ya dukani hakuwa nayo wala hakuitaka. Alikuwa na njia yake, na njia hiyo aliitoa kwenye ntumba. Kila Mfipa anajua ntumba: mvua zinapoelekea kuisha unakata nyasi, unazikusanya, unazifukia kwa udongo mpaka unapata tuta la duara, unapanda maharage juu, na huko ndani nyasi zinaoza taratibu. Msimu unaofuata unabomoa, unatawanya, unapanda ulezi, na ulezi unakushukuru. Bertilla alifanya hivyohivyo pembeni mwa bwawa. Alichomeka fito kwenye kona akapata kizimba, humo akatia nyasi zilizokwisha kuoza kwenye ntumba, si mbichi, na samadi kavu kidogo. Maji yakachukua rangi ya kijani, na ule ukijani ndio chakula cha perege. Kila asubuhi aliongeza kikapu kimoja cha machicha ya pombe ya ulezi. Kikapu kimoja, kile kidogo cha kupimia unga. Na kabla ya kutia chochote alizamisha mkono. Vidole vikipotea maji yakiwa kwenye kiwiko, bwawa liko sawa. Vikipotea kabla ya hapo, siku hiyo hatii kitu, anafungulia mfereji maji mapya yaingie. Hakufundishwa na mtu. Samaki walimfundisha kwa kufa, mwaka wa kwanza wa ujane wake, ndipo akaelewa kwamba maji yana pumzi yake, na kitu kinachooza ndani yake kinaila pumzi hiyohiyo anayoitaka samaki.

Alfonsi yeye alikuwa amechaguliwa mwenyekiti wa kijiji. Usimwone mtu mbaya. Alikuwa mchapakazi, ulezi wake ulikuwa wa kwanza pande zile zote, na hakuna aliyejua kufukia ntumba kama yeye. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: alipenda jambo liishe leo, na liishe mbele za watu. Bwawa la marehemu kaka yake aliliandikisha kuwa mradi wa kijiji, Bertilla akaitwa mwangalizi wa mradi. Cheo hicho hakikumwongezea hata mkono mmoja wa kumsaidia kuziba matundu ya kaa.

Mwezi wa tisa mwaka wa sabini na sita, halmashauri ya kijiji ikakaa. Kijiji kilitaka kufyatua matofali ya ghala, na matofali yanataka maji, na maji yaliyokuwa karibu na udongo mzuri ni ya mfereji ule wa bwawa. Wengine wakasema bwawa lifukiwe, miaka saba imetosha kungoja samaki. Alfonsi akamtetea shemeji yake, tena akatetea vizuri. Akasema mgeni anakuja kutoka mjini kukagua miradi, Jumatatu ya wiki ya pili. Akiona samaki wa maana, bwawa linabaki na mfereji wake. Asipoona, matofali yachukue maji. Wakakubaliana hivyo.

Bertilla alipoletewa habari hakushangilia wala hakulia. Aliuliza mgeni anataka kuona samaki wangapi. Alfonsi akasema wengi. Bertilla akasema atavua ishirini, mgeni awaone, awashike akitaka, kisha warudishwe majini, kwa sababu ilibaki kama mwezi mmoja tu wazae. Alimweleza shemeji yake mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kifipa, kwamba hao wazazi wakifa leo hakuna mbegu, na mbegu isipokuwepo hakuna bwawa, hata mgeni aseme nini. Alfonsi aliitikia kwa kichwa. Tatizo la Alfonsi ni kwamba aliitikia kila kitu kwa kichwa.

Wavu hawakuwa nao. Kule Majengo, Sumbawanga mjini, kulikuwa na mfanyabiashara, Muhidin, ambaye lori lake lilikuwa likishuka ziwani kufuata dagaa, na alisema ana wavu wa zamani anaoweza kuwaazima. Alfonsi akamtuma Bertilla mwenyewe akauchague, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye ukubwa wa macho yake. Aende Alhamisi, arudi Jumamosi na lori hilohilo. Kabla ya kuondoka Bertilla alimkabidhi Alfonsi kikapu. Akakiweka mkononi mwake, akamwambia asubuhi kimoja, basi, na mfereji usiguswe.

Mjini alipokewa vizuri. Mke wa Muhidin, Mwanaheri, alimpa chumba na chai, na wavu akaupata, umetatuka sehemu mbili tu. Lakini Jumamosi lori halikuwasha. Jumapili likawasha likafika nusu ya njia ya kutoka mjini, likalala tena, na dereva akaingia chini yake akabaki huko anagongagonga. Bertilla alikaa kando ya barabara juu ya ule wavu, kanga zake za kanisani zimejaa vumbi, ameikosa misa, anahesabu siku. Usiulize alivyojisikia. Jumatatu alfajiri akaokotwa na gari lingine la mahindi likienda Laela, likamshusha njia panda, na kutoka hapo akashika njia ya bondeni kwa miguu, wavu kichwani.

Alikuwa hajafika ukingoni alipoanza kusikia vigelegele. Ilikuwa saa mbili na nusu, mawingu yametanda, hakuna upepo. Kijiji kizima kilikuwa pale. Wanafunzi wamepangwa mistari wanaimba, viti vinne vimetolewa ofisini vimepangwa kwenye nyasi za upande wa chini, na mgeni amekwisha kupanda mti wa kumbukumbu kwa jembe jipya lililofungwa kitambaa. Sasa amesimama ukingoni, mikono nyuma, anatabasamu. Alfonsi pembeni yake amevaa shati jeupe, anaonesha kidole majini, anaeleza kwamba samaki wa Kalumbwe wanajua wageni, wakisikia wimbo wanatoka wenyewe kusalimia. Na watu wanapiga makofi.

Bertilla akapenya katikati yao akaona. Bwawa zima lilikuwa midomo. Midomo ya duara, imejitokeza juu ya maji, inafunguka, inafumba, inafunguka, na ukingo hadi ukingo hapakuwa na nafasi. Maji yenyewe yalikuwa na rangi ya togwa, na harufu ya mavi mabichi ya ng'ombe imechanganyika na uchachu wa pombe. Wale wazazi wake sitini, ambao kwa kawaida hata kivuli cha kunguru kinawafanya wazame, walikuwa juu mbele ya watu mia tatu, hawana habari na mtu.

Aliutupa wavu. Akapiga magoti akazamisha mkono. Vidole vilipotea kabla maji hayajafika kifundo cha mkono.

Akamvuta Alfonsi upande akamuuliza ametia nini. Naye Alfonsi akamjibu kwa kunong'ona, uso umejaa furaha, kama mtu aliyemwandalia mwenzake zawadi. Kijiji kimepika pombe ya mgeni, vyungu kwa vyungu, na machicha yote yamekuja hapa: madebe kumi na manne. Samadi mbichi ya zizi la kijiji, matenga thelathini. Na mfereji ameuziba kwa mabonge ya udongo na nyasi tangu Ijumaa, juu na chini, ili unono usitoke. Kama ntumba, shemeji. Ukifukia vizuri na kuziba vizuri, inanona. Siku tatu tu, na tazama wanavyochangamka.

Wahenga wa siku hizi wanasema ng'ombe hanenepeshwi siku ya mnada. Huyu alikuwa amenenepesha samaki kwa siku tatu, kwa akili yote ya baba zake, akili ambayo juu ya ardhi haijawahi kumwangusha.

Mgeni akamwona Bertilla na matope yake, akaambiwa huyu ndiye mwangalizi. Akampa mkono. Akamuuliza, kwa sauti ya kusikika na wote, amewafundishaje samaki kutoka kusalimia watu.

"Hawasalimii, ndugu," Bertilla akasema. "Wanakosa pumzi. Wanakufa."

Mgeni akamtazama Alfonsi. Alfonsi akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekosa la kufanya. Mgeni naye akacheka, basi halmashauri ikacheka, na walimu wakacheka, na mwishowe watoto, na mtu mmoja nyuma akasema mama huyu ana maneno.

Hapo Bertilla hakungoja tena. Alichukua jembe la mgeni palepale liliposimamishwa, na kitambaa chake, akapanda ukingo wa juu, akaanza kupasua yale mabonge. Yalikuwa yameshindiliwa vizuri, si nimekwambia hakuna aliyejua kufukia kama Alfonsi? Alipiga jembe, akavuta, akapiga. Alfonsi akamfuata akamshika mkono, akamwambia polepole kwamba anamvunjia heshima mbele ya mgeni. Bertilla akamwambia aende akafungue kule chini maji mabovu yatoke. Hakwenda. Wanaume wote walisimama wanatazamana, kila mmoja anangoja mwenyekiti aseme. Waliokwenda ni Kalista, mwanamke wa kwaya aliyekuwa jirani yake zamani bondeni, na dada mmoja wa Kalista. Wakainama na magauni yao ya sare wakachimbua kwa mikono.

Maji yakaingia juu, yakatoka chini, na chini ndiko vilikokuwa viti. Mgeni akaondoka akichagua pa kukanyaga. Lakini maji ya mfereji yalikuwa membamba na bwawa lilikuwa kubwa. Samaki waliokuwa karibu na mdomo wa mfereji walijisogeza wakabana pale kwenye maji mapya, wakaanza kuzama mmojammoja kama kawaida yao. Wale wa mbali hawakufika. Walianza kulala ubavu, weupe juu, mmoja, kisha watano, kisha usingeweza kuhesabu. Bertilla aliingia majini na kanga zake za kanisani akawa anawasukuma kwa mikono kuelekea mferejini, na wengine walimfia viganjani.

Sasa sikia yaliyofuata. Alfonsi alipoona samaki wanaelea, akapata wazo. Akatangaza mavuno. Ule wavu wa Muhidin ukakunjuliwa, vijana wakaingia, na kwa dakika chache samaki walikuwa wamerundikwa kwenye majani ya mgomba, wapana, wengi, wazuri wa kutazama. Hakuna aliyekuwa amewahi kuona samaki wengi namna ile wametoka Kalumbwe. Mgeni akapigwa picha akiwa ameshika wawili, na Alfonsi akamhesabia madebe na matenga. Walikaangwa, walipikwa na nyanya, wakaliwa na ugali wa ulezi, na hata waliokuwa wakimcheka Bertilla walisema, kumbe. Yeye alikuwa kwenye mdomo wa mfereji, ndani ya maji mpaka mapajani, anahesabu waliobaki. Walikuwa kumi na tisa.

Alfonsi alimletea sahani ya samaki, akairudisha ikiwa imefunikwa vilevile. Bwawa lilikuwa limesalimika, mfereji ulibaki, halmashauri ikaandika pongezi kwenye daftari. Kila kilichoahidiwa katika mkutano ule Bertilla alikipata, isipokuwa samaki.

Kiasi cha mwezi baadaye, mvua za kwanza zikinyemelea, Alfonsi akamjia bondeni. Alikuja peke yake, hana shati jeupe, amekunja karatasi mkononi. Wakasalimiana kwa shida. Akakaa ukingoni, akampa ile karatasi, kwa maana Bertilla alikuwa na cheti chake cha kisomo cha watu wazima na alisoma mwenyewe, taratibu, akifuatisha kwa kidole.

Ulikuwa waraka, una muhuri. Ulisema kwamba kijiji cha Kalumbwe kimegundua njia ya asili ya kunenepesha samaki kwa siku tatu bila mbolea ya viwandani. Vijiji vyote tisa vyenye mabwawa vifuate njia hiyo kabla ya mwisho wa mwezi: machicha madebe kumi na manne, samadi mbichi matenga thelathini, mifereji izibwe. Kalumbwe nao warudie, ili bwana shamba aje kujionea. Chini pameachwa nafasi ya mwenyekiti kujaza utekelezaji na kurudisha.

Bertilla akamaliza kusoma, akarudia kusoma. Samaki kumi na tisa walikuwa mle majini, na asubuhi ile ile alikuwa ameona madume wawili wanachimba viota vyao kwenye tope la pembeni, maana yake maji yamepata joto, maana yake wanataka kuzaa. Siku kumi, labda kumi na tano. Na sasa karatasi imekuja kuwafuata.

Alfonsi aling'oa unyasi, akauvunjavunja. Mwishowe akasema, bila kumtazama, "Shemeji, siku ile mimi niliwaona wanafurahi. Naapa. Nilidhani wanafurahi."

Bertilla alimwamini. Hilo ndilo lililomkera zaidi. Angekuwa mwongo angejua pa kumshikia.

Akamwambia aandike. Aandike pale penye nafasi kwamba njia hiyo inaua samaki, wasifanye, na sisi tulifanya ikaua. Alfonsi akatoa penseli mfukoni. Akasema jambo hilo ni gumu, mgeni mwenyewe amelisifu, picha imepigwa, mtu atasemaje sasa kwamba samaki wale walikuwa maiti? Lakini asiogope, kwa Kalumbwe yeye hatatia hata debe moja, wale kumi na tisa watakaa salama. Akaweka karatasi gotini akaandika. Bertilla akachungulia. Alikuwa ameandika neno moja, kwa mwandiko mzuri: *Tumetekeleza.*

"Na wale wa vijiji vinane vingine?" Bertilla akauliza.

Alfonsi akasema kila kijiji kina mwenyekiti wake.

Loo. Mwanamke yule alikuwa na jembe karibu, na mimi ningekuwa yeye sijui. Yeye alichukua karatasi na penseli. Akakigeuza kile kikapu cha kupimia chini juu kikawa meza, akaiweka karatasi juu yake, akaandika chini ya lile neno la shemeji yake. Tangu aache darasa hakuwahi kuandika kitu ambacho mtu mwingine angekisoma. Alikandamiza sana, risasi ikakatika, akaichonga kwa meno akaendelea. Aliandika: *Samaki walikufa. Machicha ni kikapu kimoja. Msizibe mfereji. Bertilla, mke wa Beda.*

Alfonsi akanyoosha mkono kuichukua aipeleke. Bertilla akaikunja akaitia kifuani.

Kesho yake akampa Kalista kikapu na maneno yaleyale, asubuhi kimoja, basi, akapanda lori la mahindi kwenda Sumbawanga. Alifika asubuhi kwenye ofisi iliyotoa waraka, akakuta watu wamejipanga mbele ya dirisha la karani, akajipanga nyuma yao. Alisimama mpaka miguu ikafa ganzi. Zamu yake ilipofika akatoa karatasi kifuani, imelowa jasho kidogo, akaisukuma dirishani. Karani alikuwa kijana msafi, ana haraka. Alitazama sehemu ya juu ya karatasi akaona ni ule waraka wa mabwawa, akatazama neno *Tumetekeleza*, akagonga muhuri, kaaa, akaiweka juu ya nyingine kama hizo. Zilikuwa sita au saba. Akasema ahsante mama, anayefuata.

Bertilla hakuondoka.

Karani akamwambia kwamba imepokelewa. Bertilla akasema ameona imepokelewa. Nyuma yake watu wakaanza kunung'unika, mzee mmoja akamwambia apishe wenzake, na karani akamuuliza, kwa heshima pungufu kuliko mwanzo, ni nini tena anachotaka.

"Isome mpaka chini," Bertilla akasema, kwa mikono yote miwili ameushika ubao wa dirisha. "Mlinifundisha kuandika, nimeandika. Mimi niliandika polepole, na wewe soma polepole. Ninangoja."